Isale Kwenye Ndoo Iliyopasuka

Ukitaka kuiona Kariakoo vizuri, njoo wiki ya Krismasi, sisi Wachagga tukiwa tumeondoka. Nasema hivyo kwa kujitania mwenyewe, maana mimi ni Mchagga na nimezaliwa humo humo, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vyombo la mama yangu. Kila Desemba tunajazana kwenye magari na mabasi kwenda Kilimanjaro kula sikukuu, maduka yanabaki na makufuli mawili mawili, na waliobaki mjini wanatutania kwamba tumekwenda kuhesabiwa. Mtaa ambao siku zote unaupita ubavu ubavu, huku mwenye mkokoteni akikupigia miluzi mgongoni, ghafla una nafasi ya kutembea katikati ukiwa umenyoosha mikono. Jambo hilo nilikuwa nalisikia tu. Nimelishuhudia mwaka jana, kwa sababu ya goti la mama.

Goti lilivimba mwezi wa kumi na moja. Daktari akasema safari ya kutwa nzima hapana, ila atembee matembezi mafupi kila siku, maana goti likikaa litakakamaa. Kaka yangu mkubwa, ambaye siku hizi ndiye anayeendesha duka, akatoa uamuzi palepale sebuleni. Mama abaki Dar na mimi sikukuu hii. Yeye na familia yake wataenda, na wakirudi mwezi wa kwanza, goti likiwa limetulia, atamchukua mama kwa gari lenye nafasi ya kunyoosha mguu, ampeleke mlimani akapumzike. Kupumzika maana yake ni kukaa huko moja kwa moja. Nyumba ipo, migomba ipo, kaburi la baba lipo. Mama alikunja kanga yake magotini akasema sawa.

Mimi nilikwenda jikoni kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi. Sikutaka aende. Mimi ni kitinda mimba, mwalimu wa sekondari, naishi na mama, na nilikuwa naogopa kurudi kutoka shule nikakuta nyumba haina mtu wa kunigombeza. Lakini kwetu binti wa mwisho hasimami mbele ya kaka mkubwa akasema mama haendi popote. Na hata ningesimama, hoja ningeitoa wapi? Mama ameuza sufuria na ndoo Kariakoo tangu kabla sijazaliwa, lakini hajawahi kuishi Dar es Salaam. Amefanya kazi tu. Kwake mji huu ni duka lenye kitanda. Pantoni la Kigamboni alikuwa hajalipanda hata siku moja, na maji ya bahari alikuwa ameyaona kwa mbali, akipita na mzigo kutoka bandarini. Ukimuuliza nyumbani ni wapi, ananyoosha kidole upande wa kaskazini, kupita ukuta wa choo.

Basi nikajipa kazi ya likizo. Kabla kaka hajarudi, mama atauonja mji. Sikumwambia, kwa sababu mama akijua unataka kumfurahisha, ananuna.

Matembezi mafupi yalianzia kwenye paa la jengo letu, na hapo ndipo penye mkasa wenyewe. Paa letu ni la zege, tambarare, na wapangaji wote tunaanika nguo huko. Jirani yetu wa mlango wa pili, fundi cherehani kutoka Lindi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuimba, alikuwa amegeuza kona moja kuwa bustani. Aliokota ndoo zilizopasuka ambazo duka letu lilikuwa linazitupa, akazijaza udongo, akapanda mchicha, bamia, mchaichai na maboga. Boga moja likakosa adabu. Likatambaa usiku na mchana mpaka likaipanda kamba ya nguo ya mama na kulikumbatia shuka lake jeupe la sikukuu, likaacha madoa ya kijani. Mama akalikata kwa kisu cha jikoni. Kisha, kwa kuwa hapendi kitu kiharibike, akayapika majani yake kwa karanga. Tuliyala. Yalikuwa matamu sana.

Hiyo ilikuwa mwezi wa saba. Tangu siku hiyo mama na jirani hawakusalimiana. Jirani, aliyekatiwa boga, alijaribu mara mbili tatu kusema shikamoo kwenye ngazi. Mama, mkataji na mlaji, ndiye aliyekuwa amenuna. Sijui haki hiyo aliipata wapi, ila mama yangu akikosea hununa zaidi kuliko akikosewa.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi tulikuwa juu ya paa. Mama alikuwa anazunguka matangi ya maji kwa zoezi la goti, mimi nahesabu mizunguko kwa uongo ili afikiri amebakiza michache. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Jirani akatokea kwenye mlango wa ngazi, amebeba ndoo ya bluu iliyopasuka mdomoni. Ndani ya ndoo kulikuwa na mmea mmoja umesimama wima, majani marefu ya kijani yametoka kwenye shina moja. Ulikuwa isale.

Hapa lazima nieleze. Kwetu mlimani isale si ua. Masale ndiyo yanayopandwa kwenye mipaka ya vihamba, yale mashamba ya migomba ya ukoo, na ukiyaona yamepangwa mstari unajua hapa ni pa fulani, pale ni pa mwingine, na hakuna wa kuyang'oa. Halafu lina kazi nyingine. Ukimkosea mtu, hata umkosee vibaya namna gani, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Akishaletewa isale hana ujanja tena. Lazima asamehe. Watu wamesamehe mambo mazito kwa jani hilo, wakiwa wanatetemeka kwa hasira, lakini wamesamehe. Sasa jirani yetu hakuleta jani. Alileta mmea mzima, na mizizi yake na udongo wake.

Na jirani yetu ni mtu wa Lindi. Alikuwa ameukuta kwa wale vijana wanaouza miche ya maua pembeni mwa barabara, akaona majani yanapendeza, akakumbuka kuna mama mtu mzima jengoni kwake ambaye sikukuu yake imemkuta amebaki na binti yake tu, bila ndugu wengine. Hayo alikuja kunieleza baadaye. Wakati ule alitembea tu mpaka kwa mama, akamnyooshea ndoo kwa mikono yote miwili, akainamisha kichwa kidogo kwa heshima na kumwambia, "Mama, pokea."

Mama alisimama. Aliitazama ile ndoo, akamtazama jirani, akaitazama tena ile ndoo. Akajifunga kanga yake vizuri kiunoni. Nilimjua mama yangu, nikajua kichwani mwake kinapita nini: mwanamke huyu niliyemkatia boga lake nikalila, ndiye anayekuja na isale zima kuniomba radhi mimi. Akapokea ndoo kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe," mama akasema. "Mbele ya mwanangu huyu, nimekusamehe kabisa."

Jirani akafungua mdomo, akaufunga, akasema ahsante. Mimi nilikuwa nimegeukia tangi la maji, nimeuma kona ya mtandio wangu, machozi ya kicheko yananitoka. Mama akamkaribisha jirani kwenye pilau ya kesho yake, akamuuliza habari za watoto kama vile miezi yote ile haikuwapo, na akashuka ngazi akiwa amekumbatia ndoo, goti na maumivu yake vyote amevisahau.

Jirani alinikamata kwenye ngazi mchana. Akanivuta pembeni na kuniuliza kwa kunong'ona, "Samahani mwalimu. Mama amenisamehe nini? Boga si lilikuwa langu?"

Nikamweleza habari za isale, mwanzo mpaka mwisho. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanaruka. Nilipomuuliza kama nikamweleze mama ukweli, akanikataza. "Acha tu nisamehewe," akasema, na alikuwa bado anacheka alipoingia kwake.

Kuanzia siku hiyo nilipata likizo ambayo sijawahi kuipata maishani. Furaha yenyewe ilikuwa ya kipuuzi, ya kuamka asubuhi na kucheka kabla hujajua unachekea nini. Mama, ambaye miezi yote aliyaita mazao ya jirani takataka za kwenye ndoo, sasa alikuwa wa kwanza kupanda juu. Alianza kwa kutoa ushauri. Baada ya ushauri zikaja amri. Ndoo za bamia zihamishwe upande unaopata kivuli mchana. Maganda ya ndizi na makapi ya majani ya chai yasitupwe tena, yaletwe juu yafanywe mbolea. Jirani akimwambia kwao Lindi kunde hupandwa hivi, mama anamwambia kwao huko ardhi ni mchanga mtupu, na jirani anamjibu kwamba ndoo haina kabila. Waligombana hivyo kila siku kwa raha kubwa. Mama alikwenda dukani kwetu na funguo za akiba, akatoka na ndoo mpya kabisa, nzima. Nikamkumbusha kwamba hiyo haijapasuka. Akaipiga kwenye ukingo wa ngazi ikapasuka, akasema haya, sasa imepasuka.

Lakini nikijisahau nikaita ile kona shamba, ananirekebisha papo hapo. "Shamba liko mlimani. Hizi ni ndoo." Na chini ya kitanda chake kulikuwa na begi kubwa, na kila nikifagia naliona limenenepa kidogo. Sikulifungua. Nilikuwa naogopa kulikuta limejaa sweta.

Jioni jua likilegea tulikuwa tunasoma. Nilikuwa nimenunua riwaya ya upelelezi kwa muuza vitabu vya zamani, ya Kiswahili, kuukuu, jalada limeshikwa na gundi ya karatasi. Nasoma kwa sauti, jirani anashona vifungo, mama anachambua mchicha. Mama hakuwahi kusomewa hadithi tangu utotoni, na alisikiliza kwa ukali, kama anayesikiliza mteja anayedai alirudishiwa chenji pungufu. Mpelelezi akisafiri kwenda Tanga, mama anataka kujua ofisi kamwachia nani. Mpelelezi akikaa hotelini anakunywa kahawa siku nzima, mama anasema huyu hana kazi. Alimshuku mpishi tangu ukurasa wa kwanza, kwa sababu mpishi aliingia sebuleni bila kubisha hodi, na mpishi alipouawa katikati ya kitabu, mama akasema basi alikuwa na mwenzake. Jirani aliweka sindano chini ili acheke vizuri. Siku niliyokuwa na mafua na nikasema leo hatusomi, hao wawili walikuja na tangawizi wakasimama mlangoni kwangu wakinitazama mpaka nikaamka.

Baada ya mwaka mpya tukaenda Kigamboni, sisi wawili na jirani. Tulipanda basi la mwendokasi mpaka Kivukoni, ambako mama aliketi dirishani akinionyesha majengo ambayo mimi nimeyaona maisha yangu yote, eti tazama lile, limejengwa lini? Kwenye pantoni hakukaa. Alisimama kwenye chuma cha pembeni, kanga inapepea, akamuuliza kijana wa magunia ya mkaa kama kweli chombo hiki huvuka hivi kila siku. Kijana akamwambia, mama, huvuka usiku na mchana. Mama akageuka kunitazama kwa hasira kama vile mimi ndiye niliyekificha.

Ufukweni hakukuwa na watu wengi. Tulikula mihogo ya kukaanga na pilipili, tukanywa madafu, jirani akamlazimisha mama kuonja pweza, mama akatafuna muda mrefu, halafu akanyoosha mkono kuomba kipande kingine. Kisha akavua viatu. Nilimshika mkono wa kulia, jirani akamshika wa kushoto, tukaingia naye majini mpaka magotini. Wimbi dogo likaja likamlowesha mpaka kiunoni. Mama yangu, mzee wa kanisa, muuza vyombo wa jumla, mwanamke ambaye wachukuzi wa mtaa mzima wanamwogopa, akapiga ukelele wa binti wa shule. Akacheka mpaka akawa anategemea mikono yetu asianguke. Akasema goti limepoa. Akasema tena, limepoa kabisa, na akakataa kutoka.

Jirani alipokwenda kuswali adhuhuri, tukabaki wawili mchangani, mama amenyoosha mguu juani. Nilikuwa na neno moja tu kooni, na nililimeza: mama, usiende. Yeye ndiye aliyesema. Lakini alisema jingine.

"Unafikiri sijui kwamba yule hajui isale?" akaniuliza. "Mtu wa Lindi atalijulia wapi? Nilikuwa nimechoka kununa, mwanangu. Ameniletea mlango, nikaingia."

Wiki zote hizo mimi na jirani tulikuwa tunakonyezana tukidhani tumeficha siri. Nikamuuliza kwa nini basi hakuomba radhi yeye, mwenye kosa la boga. Akasema kila kitu na wakati wake, na akajifanya amelala.

Siku chache baadaye alitaka kuona Feri, soko la samaki, akijifanya anataka tu kutembeza goti. Tulifika asubuhi mnada umechangamka. Nilimwonya kwamba kwenye mnada mkono haunyanyuliwi ovyo. Afadhali ningemwonya samaki. Mtu aliyefanya biashara ya jumla maisha yake yote hawezi kusikia bei inatajwa akanyamaza, na kabla sijageuka alikuwa ameshashindana na mama lishe wawili na kuwashinda, na fungu zima la vibua likawa letu. Tulirudi Kariakoo na vibua vya kulisha jengo. Jirani akavipika kwa nazi kwenye sufuria kubwa kutoka dukani kwetu, mama akagawa mlango kwa mlango, na watu ambao tumeishi nao miaka bila kujua wanakula nini wakatuletea bakuli zetu zikiwa na chapati, maembe, hata keki. Nilikwenda kulala nikinuka samaki na nikiwa na furaha kupita kiasi.

Asubuhi yake kaka akapiga simu kwamba wameshafika Dar usiku, na kesho atakuja kumchukua mama.

Nilikosa hamu ya kula. Mama alikula vizuri. Jioni alilivuta begi kutoka chini ya kitanda, akalifunga zipu kwa shida, akaniambia nilisogeze mlangoni. Nililisogeza. Lilikuwa zito, na kila hatua niliona kama nalibeba kaburi la baba, nyumba, migomba yote na ile miezi ambayo sikumwomba abaki. Jirani alinitazama kutoka kwenye mlango wake, hakucheka, akarudi ndani.

Kesho yake kaka alikuja saa nne asubuhi. Alikunywa chai amesimama kama kawaida yake, akasema gari liko chini limeegeshwa kwenye sehemu isiyoruhusiwa, mama ajiandae. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akamwambia kaka akae. Kisha akatoka akapanda ngazi kwenda juu, peke yake, pole pole. Tukasikia hatua zake. Kaka akaniuliza kasahau nini huko, nikasema sijui, na kweli sikujua.

Aliporudi alikuwa na jani mkononi. Jani refu la kijani, limekatwa kwa kisu, limefungwa fundo katikati. Kaka alipoliona aliweka kikombe chini, na bila kufikiri akasimama, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mama akamnyooshea kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeshikilia mgongo wa kiti.

Kaka akashtuka. "Mama, wewe umenikosea nini?"

"Bado," mama akasema. "Ndiyo nakukosea sasa hivi. Siendi."

Mama akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, jani bado liko hewani kati yao. Begi lile ni zawadi za ndugu, vitenge na sufuria ndogo, mimi nipande kesho na basi nikawagawie, na nimwekee baba maua kaburini. Yeye atakwenda Desemba, goti likipenda, akahesabiwe na wenzake. Kwa sasa kunde zinakaribia kuchumwa, na yule fundi hajui kuzichuma, anang'oa na mizizi.

Kaka alinitazama mimi kwanza, akitafuta aliyemharibu mama. Halafu akalitazama jani. Nilimwona anahangaika. Alikuwa na maneno mengi, mazuri, ya mtu anayempenda mama yake, na hayakuwa na pa kupita, maana isale likishafika mbele yako limefika. Akanyoosha mikono, akalipokea. Akasema amesamehe, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa watoto. Kisha akakaa, akaligeuzageuza lile jani, na ndipo akaona halijasinyaa, kwamba bado lina maji pale lilipokatwa.

Akainua kichwa. "Hili umelitoa wapi, mama?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anavua viatu vya kanisani ili avae ndala za kupandia juu.

"Shambani kwangu," akasema.